Petra: tizameni mfereji kabla hamjapiga picha

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita niliwaandikia kuhusu safari yangu ya Petra, ule mji wa kale kule Jordan uliochongwa kwenye majabali katikati ya jangwa, na nikasema kilichonigusa zaidi sio yale majengo marefu mnayoyaona kwenye picha, kama lile maarufu linaloitwa Hazina, ni mfereji mdogo tu wa maji uliochongwa ubavuni mwa njia. Basi meseji zimeingia kuanzia Msimbati mpaka Nachingwea, nyingine ndefu kuliko makala yenyewe, na nashukuru sana jamani, nimezisoma zote. Siwezi kujibu zote ila hizi hapa nimezichagua kwa sababu zinauliza yale ambayo wengi mmeuliza.

Shikamoo Shangazi. Mimi mchongaji wa vinyago hapa Mtwara mjini, kazi nimerithi kwa marehemu baba. Ile picha ya Hazina imeninyima usingizi. Mpingo mimi nauzungusha mkononi, nikikosea nabadilisha, kinyago kinageuka kingine. Sasa wale jiwe lao ni mlima, hawauzungushi, na wakikosea hakuna mlima mwingine. Walianzia wapi, walisimama wapi, walitumia nini?

Marahaba mwanangu. Walianzia juu. Hilo ndo jibu na nilivyoliona kwa macho nikakumbuka wachongaji wa kwetu maana ni swali la fundi hili, watalii wengi wanapita pale hawajiulizi kabisa.

Hazina ina urefu wa kama mita 40, yaani chukua minazi miwili mirefu uisimamishe mmoja juu ya mwenzake. Sasa mafundi walipanda kule juu kwenye ukuta wa jabali, wakakata kwanza kijukwaa cha kusimama, wakasawazisha uso wa jiwe, halafu wakaanza kuchonga kushuka chini, na lile jiwe ambalo bado halijachongwa ndo sakafu yao, wanalisimamia huku wanalila kidogo kidogo. Kifusi kinadondoka chini, mawe mazuri yanaokotwa yanaenda kujengea nyumba mjini, hakuna kinachopotea. Ubavuni mwa Hazina kuna vishimo vimepangana kupanda juu kulia na kushoto, wengine wanasema vya kushikia jukwaa la miti, wengine vya kukanyagia miguu.

Tunajuaje walianzia juu? Kwa sababu kuna kazi waliziacha njiani. Petra kwenyewe lipo kaburi moja ambalo vichwa vya nguzo kule juu vimeshakamilika safi kabisa, ukishusha macho chini hakuna nguzo, kuna jabali ghafi tu. Mi nilisimama pale muda mrefu. Unaona kabisa mahali ambapo mtu aliweka patasi yake chini siku hiyo akaenda nyumbani na hakurudi tena.

Vifaa ni vile vile unavyovijua wewe, nyundo na patasi za chuma na sururu. Jiwe lenyewe ni jiwe la mchanga, ni laini, na alama za patasi bado zipo zimelala mshazari mstari baada ya mstari, nilipitisha kiganja nikabaki na vumbi jekundu kwenye vidole, mwongoza wageni akanikataza na ana haki, mikono ya watu inakula zile kuta. Kuhusu kukosea, walikosea bwana. Pakitokea ufa au jiwe bovu walikuwa wanakata pale wanachomeka kipande kingine cha jiwe kwa vipimo, wanapiga na lipu juu, na kuta nyingi zilikuwa na lipu na rangi, huu wekundu mtupu tunaouona leo ni baada ya vyote kubanduka.

Na hili nalikuletea wewe mahususi. Nguzo moja ya mbele ya Hazina ilianguka zamani, iliyopo sasa ni ya kujengwa upya karne iliyopita. Lakini miaka yote ambayo nguzo haikuwepo paa halikushuka. Kwa nini? Kwa sababu zile nguzo hazijabeba kitu, jengo zima ni jabali moja, ni kinyago. Mhandisi akiliona anashangaa, mchongaji akiliona anaelewa.

Shikamoo Shangazi, mi kijana wa Newala. Msimu huu korosho zimenilipa vizuri kidogo na nimesema kabla sijaoa nitoke niione dunia. Niambie bei, mwezi wa kwenda, siku ngapi. Na uniambie ukweli, mtu wa Newala akaone mawe ya nini?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa korosho. Nianze na swali lako la mwisho maana ndo lenye uzito.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa huko huko kwenu. Alikuwa anaamka usiku wa manane na ndoo, anashuka ule mteremko kwenda bondeni kuteka maji na kurudi jua limeshapanda, ndoo moja, na hiyo ndoo moja inapigiwa hesabu, ya kunywa, ya kupika, iliyobaki ya kunawa uso. Wewe unaijua hadithi hii labda mama yako aliiishi. Sasa kule Petra mvua ni milimita kama 150 tu kwa mwaka mzima, sisi huku tunapata mara kadhaa ya hiyo na bado tunalia, lakini wale Wanabatia, ndo jina la watu waliojenga ule mji, inakadiriwa waliishi pale watu 20,000 mpaka 30,000 na wakawa na mabustani na bwawa katikati ya mji. Jangwani! Mtu wa pwani aliyezoea bomba hawezi kuona ukubwa wa jambo hili kama atakavyoliona mtu wa Newala, ndo maana nakwambia nenda.

Ukiingia unapita kwanza kwenye mpasuko wa mlima unaitwa Siq, kama kilomita moja na robo hivi, kuta zinapanda juu mpaka anga linabaki utepe. Watu wote wanatembea wametoa simu wanasubiri Hazina itokeze mwishoni. Wewe tizama chini ubavuni, usawa wa kiuno. Upande mmoja kuna mfereji umechongwa kwenye jiwe ulikuwa unafunikwa na vibao vya mawe, upande mwingine lilipita bomba la vigae, vipande vya udongo wa kuchoma vimechomekana kimoja ndani ya kingine na kuzibwa kwa chokaa. Maji yalitoka kwenye chemchemi inaitwa Ain Musa, kilomita kadhaa huko juu, na mteremko wa lile bomba umepimwa mdogo sana ili maji yasiende kasi yakapasua vigae. Mi nilichuchumaa pale nikaingiza kidole kwenye kipande kimoja kilichobaki, kina ukoko mweupe wa chumvi ya maji kama ule wa ndani ya birika la chai. Miaka 2,000. Machozi yalinitoka sioni haya kusema.

Na si bomba tu. Walichimba visima vya kuhifadhia mvua kwenye majabali kila kona. Mgiriki mmoja wa zamani, Diodorus, aliandika kwamba Wanabatia walipokuwa bado wanahamahama walichimba mashimo ya maji jangwani, mdomo mdogo kabisa ndani papana, wanayajaza mvua ikinyesha halafu wanaziba na kuacha alama wanazozijua wenyewe tu, adui akija anakufa kiu juu ya maji. Mji ulipokua wakajenga na mabwawa, na pale mlangoni pa Siq wakatoboa handaki la karibu mita 90 kwenye mlima ili mafuriko yapite pembeni yasiingie mjini. Lile bwawa la mlangoni pa Siq lilivyokuja kubomoka kwa kukaa karne nyingi bila mtu wa kulitunza, Aprili 1963 mafuriko yakaingia Siq yakaua watalii wa Kifaransa zaidi ya 20, ndo serikali ya Jordan ikajenga tena kizuizi pale pale walipoweka Wanabatia. Kwa hiyo ukiwa kule ukasikia mvua inakuja hata kwa mbali ukaambiwa tokeni, toka, usibishe wala usisubiri picha moja ya mwisho.

Haya sasa bei. Nilikuta hivi, tiketi ya Petra kwa mtu ambaye analala Jordan ni dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili, 60 kwa siku tatu. Dinari 50 ni kama dola 70. Anayekuja na kuondoka siku hiyo hiyo bila kulala nchini anatozwa 90. Hapa niliumia mimi, wakala mmoja wa safari, simtaji, alinipangia ratiba ya kufika alfajiri na kwenda moja kwa moja Petra, na alishachukua hela akasema tiketi ni 50, pale dirishani nikaambiwa 90 nikatoa mfukoni mwangu na nilipompigia simu akawa hapokei. Wewe lala kwanza. Kuna pia kadi inauzwa kwenye intaneti inaitwa Jordan Pass, inaanzia dinari 70, ndani yake kuna kiingilio cha Petra na sehemu nyingine nyingi na inakusamehe ada ya viza ambayo ni dinari 40 ukilala nchini angalau usiku tatu, lakini kwanza uhakikishe paspoti yetu inaruhusiwa kupewa viza ukifika au lazima uombe kabla, uliza kwenye ubalozi usimuulize rafiki, na bei zote hizi ziangalie upya siku unayotaka kulipa.

Ndege utatoka Dar kwa kuunganisha mpaka Amman. Kutoka Amman mpaka Wadi Musa, mji mdogo uliopo mlangoni mwa Petra, ni kama kilomita 230, saa tatu kwa gari, ni pungufu ya nusu ya Mtwara mpaka Dar kwa hiyo wewe utaona kama umeenda sokoni. Chukua tiketi ya siku mbili. Siku moja haitoshi, utakimbia kama unafukuzwa.

Mwezi mzuri ni Machi mpaka Mei au Septemba mpaka Novemba. Najua hela za korosho zinaingia mwisho wa mwaka na utatamani kuondoka Desemba, ila Desemba na Januari kule ni baridi kali, ile ya Newala ya Julai ni mchezo, kuna miaka theluji inaanguka mpaka juu ya Hazina. Kama huna namna nenda na koti la maana. Viatu visiwe vipya, vivae mwezi mzima kabla. Kadi ya njano ya chanjo beba.

Assalaam aleikum. Mimi mama wa Lindi, mwakani inshallah naenda Umra na watoto wangu. Mwanangu mmoja anasema tukitoka Madina tupitie Madain Saleh nako kuna mji wa kuchongwa kama huo wa Petra. Lakini mume wangu anasema pale pana laana hapatembelewi. Nisaidie.

Wa aleikum salaam dada yangu, Mwenyezi Mungu akufikishe. Mimi si mwanachuoni kwa hiyo hukumu muulize sheikh wako hapo Lindi, mimi nakwambia ninayoyajua na kwa nini mume wako hajakosea kuwa na wasiwasi.

Madain Saleh, au Hegra kama wanavyopaita zaidi siku hizi, au Al-Hijr kama ilivyo kwenye Kurani ambako sura ya 15 imebeba jina hilo, iko AlUla, zaidi ya kilomita 300 kaskazini ya Madina. Ndani ya Kurani kaumu ya Thamud wametajwa kuwa walichonga majumba milimani, Nabii Saleh akatumwa kwao, akawaletea ngamia jike kama ishara. Na dada yangu kumbuka sharti lenyewe lilikuwa nini. Maji! Ngamia ana zamu yake ya kunywa na wao wana zamu yao, siku kwa siku. Wakashindwa kuvumilia zamu wakamuua. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya ndoo anaijua hasira ya zamu, na anajua pia ni amana.

Hadithi sahihi ipo kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita pale akielekea Tabuk aliwaambia maswahaba wasiingie kwenye makazi ya wale waliojidhulumu nafsi zao ila wawe wanalia, akajifunika kichwa akaharakisha, na akawakataza kutumia maji ya visima vya pale isipokuwa kisima alichokuwa akinywa ngamia. Hapo ndo lilipo neno la mume wako. Masheikh wengi wanasema kwenda kwa matembezi na kucheka haifai, wengine wanasema kupita kwa kuzingatia na unyenyekevu hakuna ubaya, ndo maana nasema muulizeni.

Upande wa historia, makaburi yanayoonekana leo wataalamu wanayahesabu kuwa ni kazi ya Wanabatia wale wale wa Petra, kama karne ya kwanza, Hegra ilikuwa mji wao wa pili kwa ukubwa. Yapo zaidi ya 100 na mengi yana mapambo, na UNESCO iliuorodhesha kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, sehemu ya kwanza ya Saudia kuingia kwenye orodha hiyo. Lile maarufu limesimama peke yake kwenye jabali lake linaitwa Qasr al-Farid, na sisi tukilisikia hatuhitaji mkalimani, kasri na faridi, kasri la pekee. Chini yake halijamalizika, juu limekamilika, mchongaji wangu wa Mtwara nadhani anatabasamu.

Kitu kinachonivutia sana ni maandishi juu ya milango. Ni hati kabisa! Imeandikwa kaburi hili ni la fulani na watoto wake na wajukuu, na atakayeuza au kuweka rehani au kumzika mtu asiyehusika humu atatozwa faini kiasi kadhaa. Tena maandishi yenyewe ya Kinabatia ndo yaliyokuja kuzaa herufi za Kiarabu, kwa hiyo ule mkono tuliojifunza chuoni kwa maalim na ubao, mizizi yake inapita pale.

Mkiamua kwenda, mnaingia kwa tiketi ya kukata mapema na basi lao na mwongoza wageni, hamzunguki wenyewe. Na muulizeni wakala wenu wa Umra kabla kama ratiba inaruhusu, msije mkavuruga ibada kwa ajili ya matembezi.

Shangazi mimi wa kidato cha tatu Masasi. Ni kweli ndani ya Hazina kuna dhahabu?

Hapana mwanangu, hakuna. Jina la Kiarabu ni al-Khazneh, ni neno lile lile letu hazina. Juu kabisa kuna mtungi wa mawe na Wamabedui waliamini Firauni alificha mali humo, wakawa wanaupiga risasi ili upasuke hela zimwagike, matundu ya risasi yapo mpaka leo unayaona. Mtungi ni jiwe tupu mpaka ndani. Jengo wengi wanaamini lilikuwa kaburi la mfalme, Aretas wa nne. Mwaka 2024 wachimbaji walipata chini yake kaburi lenye mifupa ya watu 12, na hiyo kwa wanahistoria ni mali kuliko dhahabu. Kazana na somo la historia.

Shangazi kwa heshima zote. Mimi mwalimu hapa Kilwa Masoko. Unatusifia mawe ya Jordan, na Kilwa Kisiwani ipo ng'ambo hapa tunaiona kwa macho, wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuvuka. Huoni unatupoteza?

Mwalimu, umenipiga pazuri na nalipokea. Mimi mwenyewe nilivuka kwenda Kisiwani mara ya kwanza nikiwa mtu mzima na watoto, na naona aibu ya kweli kwa hilo.

Petra iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia 1981. Sisi tulitangulia! Halafu ikafika 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati, na watu wa Kilwa walikuwemo kwenye kazi hiyo, mafundi wa chokaa na wapanda mikoko. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Ukisimama Husuni Kubwa, kasri lile juu ya mwamba, unakuta bwawa la kuogea lenye pembe nane linatazama bahari. Bwawa mwalimu! Niliporudi Petra kichwani nikaviona vyote viwili pamoja, mfalme wa jangwani na sultani wa pwani, wote walipopata hela za biashara, yule ya ubani huyu ya dhahabu ya Sofala kule Msumbiji, kitu cha kwanza walichotaka kuwaonyesha wageni ni kwamba hapa maji yapo.

Tofauti ni kwamba wale walitoa jiwe wakabaki na jengo, sisi tulijenga. Matumbawe yanatolewa baharini yakiwa bado laini yanakatika kwa urahisi, yakikauka yanakuwa magumu, kwa hiyo fundi anachonga mihrabu jiwe likiwa bichi. Chokaa ni matumbawe ya kuchoma. Boriti za mikoko ndo zinapanga upana wa chumba, ndo maana vyumba vya kale vya pwani ni vyembamba.

Nachosema ni hivi, aliyeona Kilwa vizuri ataielewa Petra, na mimi nilikwenda mbali kabla sijaijua vizuri ya nyumbani, nilifanya kinyume. Kwa hiyo kijana wangu wa Newala, kabla hujakata tiketi ya ndege panda basi la Kilwa, chukua kibali pale Masoko, vuka na mashua, mchukue mwenyeji akutembeze na umlipe vizuri. Na mwalimu, nikumbushe tarehe ukipanga kuwavusha wanafunzi, nauli ya mashua ya darasa moja naitoa mimi.

Shangazi miguu inaniuma, nina miaka 61. Nitaweza?

Mpaka Hazina utaweza, kuna vigari vya umeme vinapita Siq, ni vya kulipia. Kupanda Deir, lile jengo jingine kubwa kule juu, ni ngazi zaidi ya 800, hilo liache. Watakuja vijana na punda wakubebe, mi nawaomba msipande, nilimwona punda mmoja kwenye zile ngazi ana kidonda mgongoni chini ya tandiko na bado anapigwa. Kaa pale kwenye vibanda vya Wamabedui unywe chai, lugha haitawapa shida, chai ni shai, sukari ni sukkar, kahawa ni qahwa, samaki ni samak, wanafurahi sana ukiwatajia.

Habari Shangazi. Mimi wa Tandahimba. Kwenye makala ulisema wale watu walikuwa wanaweka shimo dogo kabla ya kisima ili maji yasiingie na mchanga. Hatuna hela za kwenda huko, lakini tuna tangi la chini la kukinga mvua ya bati na kila mwaka maji yanakuwa na tope na wadudu. Hilo shimo linawekwaje?

Nzuri mdogo wangu, na meseji yako niliisoma mara tatu.

Ni rahisi. Maji hayatakiwi kuingia kwenye tangi moja kwa moja kutoka kwenye bati. Wanabatia walikuwa wanachonga kabirika kadogo pembeni ya njia ya maji, maji yanaingia humo kwanza, yanatulia, mchanga unazama chini, yaliyo safi juu ndo yanafurika kuingia kisimani. Nimeyaona haya kwenye jiwe, kapana kama beseni la kufulia na kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Wewe fundi akujengee kisanduku cha tofali na saruji, paipu ya kutoka kwenye mfereji wa ukingoni mwa bati iingilie humo, na paipu ya kwenda kwenye tangi itokee juu karibu na ukingo, isiwe chini. Mdomo wa hiyo paipu ufunike na kipande cha wavu wa chandarua. Chini ya kisanduku weka tundu lenye kizibo, ukizibua tope linatoka unasafisha.

Mvua mbili tatu za kwanza za msimu usizikinge kabisa, ziache ziende, zile zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege na majani ya mkorosho juu ya bati. Na bado maji ya kunywa chemsha.

Halafu mdomo wa tangi uwe mdogo na uwe na mfuniko mzito wa kufunga. Nimeambiwa kwenye meseji yako kwamba sasa hivi mmefunika na bati lililokandamizwa na jiwe na wajukuu wanacheza hapo. Hilo lishughulikie wiki hii, kabla ya kisanduku.